Sinia la ugali mbele ya mama
Jana asubuhi, nikiwa nyumbani Ujiji kwa likizo, mama aliniuliza tena kazi yangu ni ipi hasa, nami nikamwonyesha sinia lililokuwa mbele yetu, ugali wa muhogo na migebuka ya kukaanga. Nilimweleza kwamba wagonjwa ninaowachunguza wangekila chakula kile bila kudhurika, ilhali chapati moja ya ngano huwaumiza utumbo.

Kwa miaka 12 nimechunguza ugonjwa wa siliaki, ambao kinga ya mwili huiona gluteni, protini iliyomo katika nafaka za ngano, shayiri na rai, kuwa adui, ikaishia kuushambulia utumbo mdogo wenyewe. Sitasahau kipande cha kwanza cha utumbo wa mgonjwa nilichokitazama kwa hadubini: pale panapopaswa kusimama vijidole vingi laini vya kufyonza chakula, palikuwa tambarare kama mchanga wa ufukweni.

Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alionyesha katika tasnifu yake ya mwaka 1950 kwamba ngano ndiyo iliyowadhuru watoto wenye ugonjwa huu, na hadi leo tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Swali linalonikosesha usingizi ni kwa nini watu wengi wenye jeni za DQ2 au DQ8, zinazohusishwa na ugonjwa huu, hawaugui kamwe.

Mama alinyamaza, kisha akauliza mtoto wa namna hiyo hula nini siku ya Idi, wenzake wakila maandazi. Nikamjibu, vitumbua vya mchele mtupu. Jioni nilimkuta ameloweka mchele.