Matope yalikuwa yangu: njia ya gari kwenye udongo wa Bukavu

Jumamosi moja ya Novemba 2021 niliteremsha keki ya harusi ya ghorofa tatu kwa miguu, kutoka mlangoni kwangu hadi barabarani. Ni meta 22 tu, lakini ni mteremko, na mvua ilikuwa imeanza tangu saa kumi na moja alfajiri. Gari lilikuwa chini kwenye avenyu kwa sababu lilikuwa halijapanda kwangu wiki ya tatu. Kijana wangu alitangulia na ghorofa ya chini, miguu peku, viatu ameviacha ndani. Mimi nilifuata na ile ndogo ya juu. Katikati ya njia mguu ulikwenda kulia, mimi nikaenda kushoto, na dole gumba langu likazama kwenye sukari nyeupe hadi kwenye keki yenyewe. Bibi harusi hakujua. Nilichomeka waridi la sukari pale pale kwenye tundu, na watu wakasifu ubunifu.

Naoka keki hapa Panzi, mtaa wa Bukavu, wengi mnanijua kwa keki. Leo naandika juu ya matope, kwa sababu kila nikiweka picha ya njia yangu watu wanauliza nilitumia mawe gani. Mawe si swali. Lakini na mimi nilianza na mawe.

Fundi wa kwanza (simtaji, tunasali pamoja) aliniambia nimwage moelo tu, yaani mawe makubwa ya ujenzi, udongo utakaza wenyewe. Nikanunua Fuso mbili. Yalipendeza mwezi mzima. Kufika Machi yalikuwa yamemezwa. Tulipochimba baadaye tuliyakuta sentimeta 30 chini, yamekaa ndani ya udongo mwekundu kama karanga ndani ya kashata. Hayakupotea, yalibadilishana nafasi na udongo: tairi linasukuma jiwe chini, tope laini linapanda katika nafasi zilizo kati ya mawe, na baada ya msimu mmoja tope liko juu na pesa yako iko chini.

Vilima vya Bukavu ni mwamba wa volkano ya zamani sana uliooza na kugeuka udongo wa mfinyanzi, mzito, unaoshuka chini sana kabla hujagusa jiwe. Ukinywa maji unavimba na kulegea, ukikauka unanywea na kupasuka. Kwangu mwezi wa saba nyufa zilikuwa zinaingiza kidole. Shemeji yangu wa Goma hucheka akija. Wao wanaishi juu ya lava. Volkano ya 2002 iliwaachia mawe hadi kwenye uwanja wa ndege, na kuchimba msingi kule ni kupigana na mtaimbo. Lakini mvua ikinyesha, maji yanazama kati ya mawe na mtu anatembea na viatu vyake. Kwetu ni kinyume, kuchimba rahisi, kukanyaga ndiyo kazi.

Kabla ya kutoa tena hata franka moja nilitaka kujua huu udongo ni mfinyanzi kiasi gani. Nilichukua chupa ya jemu, nikaijaza udongo hadi theluthi, maji juu, chumvi kidogo, nikatikisa na kuiacha dirishani. Mchanga ulitua kabla sijamaliza kufuta mikono. Ulikuwa mwembamba kama kifuniko. Kesho yake maji bado yalikuwa mekundu. Jaribio la pili halikunihitaji kujifunza, mkono wangu unalijua kutoka kwenye unga. Unalowesha udongo kidogo, unausokota kwa kiganja juu ya ubao hadi uwe uzi. Ukikatika mapema, una mchanga wa kutosha. Wangu ulifika unene wa milimita 3, nikaukunja kama pete, haukukatika. Donge la mandazi lingefanya hivyo ningefurahi. Nilikaa chini.

Fundi wa pili ni mzee mmoja mfupi, alinijia kwa njia ya mteja wangu. Nilimwita Jumanne asubuhi, hakuja. Alikuja Alhamisi mchana, mvua ikipiga kweli kweli, na mwavuli uliovunjika mbavu mbili. Sikuelewa. Hakuangalia njia. Alisimama uani akatazama bati la nyumba yangu, halafu akafuata maji kwa macho kutoka kwenye bati, kona ya jiko, chini ya mparachichi, hadi juu ya njia, hadi kwenye geti.

"Mama, weye unajenga njia ao unajenga muto?"

Maji niliyokuwa nikimlaumu jirani wa juu yalikuwa ya bati langu. Nyumba yangu inafunika karibu meta 90 za mraba. Mvua ya milimita 40, ambayo hapa si habari, ni lita 3,600, na zote zilikuwa zinamwagwa mahali pamoja, juu kabisa ya njia, kwa sababu mifereji ya bati ilikatika zamani na sikuona haraka ya kuirudisha. Mzee alisema udongo ule ule ninaoulaani, ukiwa mkavu, unabeba Fuso yenye mzigo. Baadaye nilisoma kwamba Mskoti mmoja, John McAdam, ambaye jina lake ndilo Wafaransa walilipa barabara ya kokoto, alikuwa akishikilia neno hilo miaka mia mbili iliyopita: mzigo unabebwa na udongo wa chini, kazi ya mawe ni kuukinga usilowe. Mzee wangu hajasoma McAdam. Amejenga Bukavu tu.

Akaniuliza swali la pili, na hili ndilo lilichukua wiki tatu. "Na tukiyatoa hapa, hii maji itaenda wapi?"

Ng'ambo ya avenyu, chini ya geti langu, anakaa mama mmoja mjane ambaye nilikuwa nikimsalimu asubuhi na yeye akiitikia bila kusimama. Nilidhani ndivyo alivyo. Nilipomwendea na kilo ya sukari na maneno yangu ya mtaro, alinipeleka nyuma ya nyumba yake bila kusema kitu. Ukuta wa jiko lake ulikuwa na mstari mwekundu, usawa wa goti langu. Juu ya mstari mmoja kulikuwa na mwingine. "Hii ni ya mwaka jana," akasema. "Hii ni ya mwaka ule ulianza kuoka keki." Udongo wa njia yangu, miaka yote, ulikuwa unavuka avenyu na kulala kwake.

Nilitaka kusema pole, ikatoka "nilikuwa sijui," na yeye akasema "sasa unajua," akatuletea viti.

Tulikubaliana hivi. Nirudishe mifereji ya bati, maji yaingie kwenye tanki la lita 2,000, na yeye achote siku bomba likikauka, jambo ambalo wote wa mtaa wetu tunalijua. Ziada ya tanki ishuke kwa bomba la plastiki la milimita 110, lililofukiwa, hadi kwenye kaniva, mtaro wa maji wa kando ya avenyu. Na mahali kaniva ilipobomoka mbele ya nyumba yake, meta 6, niijenge mimi, mawe na simenti. Mafundi wanaokupa bei ya njia hawaandiki mstari huo. Kwangu ulikuwa karibu robo ya gharama yote, na bila huo ningekuwa namwaga mawe kila mwaka.

Tulichimba Julai 2022. Msichimbe mfinyanzi wakati wa mvua, hata fundi akiwa hana kazi nyingine na anawasihi. Kila hatua ya mguu inaufinyanga na hauwezi tena kushindiliwa. Njia ina upana wa meta 3, tulishuka sentimeta 35, kwa hiyo shimo ni meta za ujazo 23. Sikujua kwamba udongo ukishatolewa unavimba, zile 23 zikawa kama 30, mlima uani kwangu. Nusu alichukua mtu wa matofali, nusu ilinitafutia maneno na kila jirani hadi nilipopata mtu anayejaza kiwanja.

Chini ya shimo ndipo nilipogombana na mzee kwa mara ya kwanza. Alitaka kunyunyiza maji. Mimi nimetumia mwaka mzima kuyafukuza maji! Akaniokotea udongo mkavu, akaufinya, ukamwagika kama unga. Akanyunyiza, akachanganya, akafinya tena, ukawa donge. Akaliangusha, likapasuka vipande vitatu vinne. "Hii njo inashindiliwa." Ukiwa mkavu hauungani, ukilowa sana unacheza chini ya mashine kama mto wa kulalia. Ni unga wa mkate kabisa. Nikanyamaza, na kuanzia hapo mimi ndiye nilikuwa napima donge na yeye akaendesha mashine ya kushindilia.

Wakati wa kushindilia tuliupa ule udongo wa chini mwinamo, upande wa kilima uwe chini kuliko ule mwingine kwa sentimeta 9, ili hata maji yatakayopenya yatafute mtaro. Tulipima kwa mpira wa maji, ule mrefu unaopitisha mwanga, watu wawili kila mmoja ameshika ncha. Mtaro wa kandoni una kina cha sentimeta 40, umejengwa mawe, na mwisho wake kuna kishimo cha kunasa udongo kabla maji hayajafika kwenye kaniva.

Kijana wangu alikuwa amesoma juu ya chokaa: inachanganywa na mfinyanzi, asilimia 3 hadi 6 ya uzito, na udongo unapoteza ule unato. Ni kweli, barabara kubwa zinafanya hivyo. Tulipiga hesabu. Kwa unene wa sentimeta 15 ningehitaji kama kilo 750, na zaidi ya bei, lazima ichanganywe sawasawa hadi madonge yote yavunjike. Kwa jembe, kwenye udongo unaojisokota uzi wa milimita 3? Tuliacha. Kuna pia kitambaa maalumu cha kutandika kati ya udongo na mawe, nilikitafuta hadi soko la Nyawera bila kukiona cha kuuza kwa meta. Mtu akanishauri magunia ya mchele. Mzee alicheka, akamwaga sentimeta 10 za mchanga, akasema mchanga unafanya kazi hiyo hiyo polepole: tope likipanda linakutana na matundu madogo mno.

Juu ya mchanga, mawe ya ukubwa wa ngumi, sentimeta 15. Hapo yale mawe yangu ya zamani yalirudi kazini, yameoshwa. Juu yake sentimeta 10 za kokoto pamoja na vumbi lake. Msilipepete lile vumbi, ndilo linalofunga. Kokoto nilinunua kwa kina mama wanaoponda kando ya barabara. Mmoja wao nilimwangalia muda mrefu: jiwe ameliweka ndani ya pete ya mpira wa baiskeli ya zamani ili vipande visiruke, kidole cha shahada kimefungwa kitambaa, na nyundo yake mpini umekatika nusu. Anapiga mara tatu, anageuza, anapiga moja. Ndoo moja ilimchukua karibu muda wa keki kuiva. Nilikuwa nimepanga kupunguza bei, nikalipa aliyosema.

Kila tabaka lilishindiliwa peke yake. Hili msikubali kuruka, mashine ndogo haifiki chini ya sentimeta 15.

Kama kiwanja changu kingekuwa tambarare ningeishia kwenye kokoto. Lakini mteremko wangu unashuka meta 3 ndani ya meta 22, na kokoto ingehamia kwa yule mama kama udongo ulivyohamia. Zege kwenye njia nzima sikuliweza. Tukamwaga mistari miwili tu ya matairi, kila mmoja sentimeta 60 kwa upana na 12 kwa unene, katikati tukabakiza kokoto. Ilikula mifuko 23 ya simenti. Kila meta 1.5 tulikata mstari wa kina cha sentimeta 3, kwa sababu zege litapasuka tu, afadhali ulionyeshe pa kupasukia. Juu yake tulipitisha ufagio mgumu kwa upana, likabaki na mikwaruzo inayoshika tairi. Siku 7 nililifunika magunia na kuyalowesha asubuhi, mchana na jioni, na gari likakaa chini hadi wiki nne zilipotimia. Mume wangu alilalamika kila siku.

Misimu miwili ya mvua imepita. Karibu na geti kuna kipande kimoja kimepasuka nje ya mstari niliokionyesha. Mzee anasema pale tulishindilia jioni, tumechoka, na donge sikupima. Ni kweli sikupima. Ufa umesimama pale pale, nimeuziba, naupita kila siku nikiutazama. Kishimo cha udongo nakizoa kila mwisho wa mwezi wakati wa mvua. Mara ya kwanza nilijaza ndoo tisa, siku hizi mbili.

Jumamosi iliyopita gari lilishuka na keki ya ghorofa nne ndani, mvua inanyesha. Nilikuwa bado sijafika kwenye lami simu ikalia. Ni mama wa ng'ambo. Majani ya mparachichi wangu yameziba kaniva tena, maji yanageukia kwake, na kwa kuwa natoka, nimwachie ufunguo wa tanki.