Jinsi nilivyobaki kanisani nikiwa mfeministi

Mwezi Septemba 1995 yalizaliwa maandiko mawili ambayo yanagombania maisha yangu hadi leo. Tarehe 22 Bunge la Katiba la Uganda lilipitisha Katiba mpya, ambayo ibara yake ya 33 inampa mwanamke heshima kamili iliyo sawa na ya mwanamume. Siku iliyofuata, mjini Salt Lake City, Gordon B. Hinckley, rais wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, aliwasomea kina mama wa kanisa hilo lile Tangazo kuhusu familia, linalomtaka baba aiongoze nyumba yake kwa upendo na haki, linalompa mama jukumu la kwanza la malezi, kisha likasema kwamba wawili hao wasaidiane kama wenzi walio sawa. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Kampala. Siku za kazi nalitetea andiko la kwanza, na Jumapili nawafundisha wasichana wa kata yetu, yaani usharika wetu, la pili.

Wenzangu wa ofisini huniuliza kwa nini sijaondoka, na swali lao ni la haki. Nilikulia katika kambi ya polisi, mahali ambapo mshahara wa mwisho wa mwezi uliishia kwenye waragi, na ndoa ya pili lilikuwa jambo ambalo mke wa kwanza hutangaziwa tu, haombwi ruhusa. Kanisani nilikuta kwamba pombe imekatazwa kwa wote, kwamba usafi wa ndoa unamdai mume sawasawa na mke, na kwamba mwanamume mwenye wake wawili habatizwi. Hata mahari, Dallin H. Oaks, wakati huo mmoja wa mitume wanaoliongoza kanisa, aliikosoa waziwazi katika makala yake iliyochapishwa mwaka 2012. Miaka mitatu baadaye Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba, lakini haikuiharamisha mahari yenyewe. Katika jambo hili mtume alikwenda mbali kuliko majaji, nami niliwaambia hivyo baba zangu wadogo walipokuja na orodha yao ya ng'ombe. Walinuna, kisha wakaridhika na kanzu, na shangazi zangu wakapata magauni ya gomesi.

Ugumu wangu uko kwenye ukuhani, ambao kanisa letu huwapa wanaume tu. Mama yangu alipolazwa, sisi wanawake waumini tulikizunguka kitanda chake hadi usiku tukiwangoja ndugu wawili wenye Ukuhani wa Melkizedeki, yaani ukuhani wa juu, waliokwama kwenye msongamano wa magari, waje na mafuta wambariki. Baada ya hapo nilianza kusoma kumbukumbu za Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama, ulioanzishwa Nauvoo, Illinois, tarehe 17 Machi 1842, Emma Smith akiwa rais wake wa kwanza. Katika kikao cha Aprili mwaka huo Joseph Smith, mume wa Emma na mwanzilishi wa kanisa, aliwaambia kina mama kwamba anawageuzia ufunguo, yaani ishara ya mamlaka. Waliohariri maneno hayo miaka ya 1850 waliyafanya yasomeke kwamba aliugeuza kwa niaba yao. Nilisoma pia kwamba wanawake wa kizazi kile waliwawekea mikono wagonjwa na kuwabariki, kwamba desturi hiyo iliendelea hadi karne ya 20, na kwamba kanisa lenyewe lilichapisha maelezo ya historia hiyo mwaka 2015. Hasira na faraja vilinijia pamoja, kwani tulichonyimwa kando ya kitanda cha mama kiliwahi kuwa halali.

Wapo wanaonishauri nisubiri, nao wana hoja, kwa kuwa hadi Juni 1978 mume wangu asingeweza kupewa ukuhani kwa sababu ya weusi wake, nami kwa sababu hiyohiyo nisingepokea ibada za juu za hekaluni. Lakini nakumbuka vilevile kwamba Kate Kelly alitengwa na kanisa mwaka 2014 baada ya kuongoza kampeni ya kutaka wanawake watawazwe. Sijajiunga na kampeni yoyote. Mtu akiniuliza, namjibu kwamba sioni sababu ya kimaandiko ya kutuzuia.

Nilipoitwa kuwafundisha wasichana, nilimwomba askofu, ambaye kwetu ni kiongozi wa kata, tuzungumze kabla sijakubali.

“Askofu, Tangazo nitalifundisha lote,” nilimwambia, “lakini sitamwambia msichana yeyote kwamba neno la baba ndilo la mwisho, kwa sababu Tangazo lenyewe halisemi hivyo.”

Nilimsomea sentensi ya wenzi walio sawa, na ile inayowaonya wanaowatesa wenzi wao kwamba watatoa hesabu mbele za Mungu, nikamweleza kuhusu wanawake ninaowapokea ofisini, waliopigwa na waume wanaojiita viongozi wa nyumba. Kuhusu ukuhani hakukubaliana nami na hakuficha. Kazi alinipa, kwa sharti kwamba nikitoa maoni yangu niyaite maoni yangu. Sharti hilo ndilo lililonifaa zaidi, maana wasichana sasa wanajua lipi ni la kanisa na lipi ni la Dada mwalimu, na wananibishia bila woga. Kiongozi mmoja wa juu yake aliposikia, aliniuliza kwenye mahojiano ya kibali cha kuingia hekaluni kama nawaunga mkono viongozi. Nilijibu ndiyo, kwa kuwa naweza kumuunga mkono mtu nisiyekubaliana naye. Kibali nilipewa.

Zamani waumini wa Uganda walisafiri hadi Johannesburg kwenda hekaluni. Tangu Hekalu la Nairobi liwekwe wakfu Mei 2025, tunapanda basi. Tangu 2019 mwanamke anaruhusiwa kuwa shahidi wa ubatizo na wa kuunganishwa kwa wanandoa, yaani ibada ya hekaluni inayowafunga mume na mke kwa milele, hatua ndogo ambayo naithamini kuliko wenzangu wa ofisini wanavyoweza kuelewa.

Kuunganishwa kwenyewe ndiko kunakonisumbua bado. Nikitangulia kufa, mume wangu anaweza kuunganishwa kwa milele na mke mwingine pamoja nami. Akitangulia yeye, mimi nikiwa hai siwezi kuunganishwa na mwingine mpaka muungano wa kwanza ufutwe. Ilani ya kanisa ya mwaka 1890 ilianza kuziondoa ndoa za wake wengi duniani, lakini mbinguni mlango umeachwa wazi, na aliyekulia kambini hawezi kulipuuza hilo. Nilimweleza mume wangu kabla hatujapanda basi. Alisema hataki mwingine, nikamjibu kwamba simtilii shaka yeye, naipinga kanuni. Tuliunganishwa. Tuliporudi nilimpa askofu barua nikiomba aipeleke kwa Urais wa Kwanza, uongozi wa juu kabisa wa kanisa. Ameipokea, na jibu bado halijafika.