Siku Moja Ndani ya Mkondo wa Data

Saa mbili asubuhi, hapa Nairobi, ninaanza kazi kwa kukagua mkondo unaopokea oda za maduka, yaani msururu wa hatua za programu ambapo kila hatua huipa inayofuata data kidogo kidogo. Faili ya usiku ina gigabaiti nane, ilhali seva yetu ina kumbukumbu ya gigabaiti mbili tu, kwa hiyo hakuna hatua inayoruhusiwa kusubiri faili nzima: ya kwanza husoma baiti, inayofuata huzigeuza kuwa herufi, nyingine hukata mistari, nyingine husafisha namba za simu ili 07 ya mwanzo iwe +2547, na ya mwisho huandika kwenye hifadhidata.

Saa nne ninakuta anwani za Lang’ata zimeharibika, lakini chache tu, na uchache huo ndio kidokezo. Ritifaa iliyopinda, kama ile ya jina la mtaa huo, huchukua baiti tatu katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti, nasi tunasoma vipande vya baiti 65,536. Kipande kikiishia katikati ya ritifaa, hatua inayogeuza kila kipande peke yake hutoa alama zisizosomeka. Dawa yake ni hatua hiyo kuweka kiporo: baiti ambazo hazijakamilika zinabaki mkononi hadi kipande kijacho kifike. Python, lugha ya programu tunayoitumia, ina kisimbuzi (kigeuza baiti kuwa herufi) cha aina hiyo katika moduli yake ya codecs, nami ninakitumia badala ya kuandika changu. Mistari nayo ni vivyo hivyo: mstari uliokatika husubiri kipande kijacho, na mkondo ukifika mwisho lazima kiporo kitolewe, la sivyo mstari wa mwisho usio na alama ya kuufunga unapotea kimyakimya.

Saa nane mwenzangu anataka oda zipangwe kwa thamani kabla ya kuandikwa. Ninamweleza kwamba kujumlisha mauzo ya kila mtaa kunawezekana njiani, kwa kuwa tunabeba jumla moja tu kwa kila mtaa, lakini kupanga hakuwezekani, maana oda kubwa kuliko zote huenda ikawa kwenye mstari wa mwisho. Tunakubaliana kazi hiyo ifanywe na hifadhidata.

Saa tisa hifadhidata inapungua kasi, na hapa ndipo ninapozipenda jenereta za Python, yaani funksheni zinazotoa rekodi moja moja zinapoombwa: hatua ya mwisho ndiyo inayoomba rekodi, kwa hiyo ikichelewa, zilizotangulia nazo zinatulia bila kurundika chochote. Paipu za mfumo endeshi wa Unix, zinazopeleka matokeo ya programu moja kwa nyingine na zilizoanza mwaka 1973 kwa wazo la Doug McIlroy, zina nidhamu hiyo hiyo: paipu ikijaa, programu inayoandika husimamishwa.

Saa kumi ninaandika jaribio ninaloliamini kuliko yote: faili ndogo inapitishwa kwa vipande vya baiti moja moja, ili kila mahali panapoweza kukatwa pakatwe, kisha matokeo yanalinganishwa na ya faili iliyosomwa kwa mkupuo mmoja. Yanalingana, nami ninaagiza faili ya jana ichakatwe upya usiku huu.