Kumwandaa mtoto kwa kambi ya mchana chuoni likizo ya Juni

Kila inapokaribia likizo ndefu ya Juni, wazazi wenzangu hapa Mbeya huniuliza swali lile lile: mtoto anayekwenda kwenye kambi ya mchana chuoni anahitaji kuandaliwaje? Wengi huwa na wasiwasi kuhusu vifaa, na wengine hutaka kujua kama inafaa wamtafutie mwalimu wa twisheni amfundishe kwanza kompyuta au sayansi ili asiachwe nyuma na wenzake. Leo nimeona nilijibu swali hilo kwa kirefu. Naamini kwamba maandalizi makubwa kuliko yote ni kumzoesha mtoto kumweleza mtu mzima asiyemfahamu kile anachokihitaji, kwa adabu na bila woga. Mengine yote, kuanzia sweta hadi chakula na mada ya wiki, nayapanga nikilizingatia hilo.

Kambi za namna hii zimeenea sana Marekani na Kanada. Huko likizo ya kiangazi huchukua takriban miezi miwili na nusu, madarasa na maabara za vyuo vikuu hupungukiwa na wanafunzi, na kila wiki ya kambi hupewa mada yake: roboti, maigizo, wanyama, anga na kadhalika. Mtoto hupelekwa asubuhi na kurudi nyumbani alasiri. Anayeandaa mtoto kwa kufuata ushauri wa huko, ambao umejaa nguo za kuogelea na mafuta ya kujikinga na jua, ataona upesi kwamba mengi hayatufai. Likizo yetu ya Juni ni ya takriban mwezi mmoja, na mara nyingi katika kipindi hicho vyuo vyetu huwa bado vina masomo ya muhula wa pili au mitihani yake. Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka saba atapita kwenye korido zenye mamia ya wanachuo, wote kwake ni kaka na dada wakubwa, na atakula, ataomba ruhusa ya kwenda chooni na kuuliza njia katikati ya watu ambao hakuna hata mmoja anayemjua kwa jina.

Hapo ndipo malezi yetu yanapohitaji nyongeza. Watoto wa nyanda hizi wamelelewa vizuri: wanaamkia, wanapokea mizigo, hawaingilii mazungumzo ya wakubwa. Malezi hayo nayapenda na nisingependa yapotee. Hata hivyo, mtoto aliyezoea kusubiri aulizwe anaweza kukaa darasani kutwa nzima akitetemeka kwa baridi huku sweta lake likiwa ndani ya begi, kwa sababu tu hakuna aliyemwambia alivae. Anaweza kubana haja hadi ikamshinda. Anaweza kuitikia "ndiyo" kila anapoulizwa kama ameelewa, ilhali hajaelewa lolote.

Kwa hiyo wiki kadhaa kabla ya kambi huwa tunafanya mazoezi nyumbani na mtaani. Binti yangu hutumwa dukani peke yake, si kununua tu, bali pia kuomba abadilishiwe kitu au kuuliza jambo ambalo hana jibu lake. Jirani yetu, ambaye ni mtu wa maneno machache na ambaye watoto humwogopa kidogo, amekubali kwa moyo wote kuwa "mwalimu" wetu wa mazoezi. Binti husimama mbele yake na kusema: "Shikamoo mwalimu. Samahani, sijaelewa, naomba unirudie." Au: "Naomba ruhusa niende chooni." Au: "Tumbo linaniuma, naomba umpigie mama." Mara ya kwanza sauti ilitoka kama ya mtu anayenong'ona akiwa msikitini, na jirani yetu, kwa hekima yake, alimjibu tu: "Marahaba, mwanangu, sijakusikia." Akarudia kwa sauti zaidi. Shikamoo imebaki mahali pake na adabu haikupungua hata kidogo, ila sasa baada ya salamu kuna sentensi kamili inayofuata.

Kwa watoto wa shule za serikali wanaosoma kwa Kiswahili kuna sentensi moja ya ziada ambayo nasisitiza waijue. Chuoni masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanachuo anayewafundisha watoto huweza kuteleza na kuendelea kwa lugha hiyo bila kujitambua. Mtoto afundishwe kusema, "Naomba unieleze kwa Kiswahili," na aambiwe wazi kwamba ombi hilo si aibu. Nimeona watoto werevu mno wakinyamaza wiki nzima kwa sababu ya lugha, huku wenzao wenye Kiingereza kizuri lakini udadisi mdogo wakionekana ndio wenye akili. Waandaaji nao wanapaswa kulijua hili, na mzazi asisite kuwaambia siku ya kuandikisha.

Uwezo huo huo wa kusema ndio kinga yake ya kwanza dhidi ya mtu mwenye nia mbaya. Tunazungumza na watoto wetu kuhusu sehemu za mwili ambazo hakuna mtu anayeruhusiwa kuzishika, na kwamba hakuna siri ya mtu mzima ambayo haipaswi kufika kwa mama au baba. Wanaijua kwa kichwa namba 116, ambayo ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto nchini. Tumekubaliana pia juu ya neno moja ambalo mtu yeyote anayetumwa kumchukua lazima alitaje, awe mjomba, awe dereva wa bajaji tunayemfahamu. Asiyelitaja, mtoto haondoki naye, na hatagombezwa kwa kukataa.

Baridi nayo si jambo dogo. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 8, kisha mchana likapanda hadi kwenye nyuzi 20 na zaidi huku jua likiwa kali. Wazazi wa Iringa, Mafinga na Njombe wanalijua hili vizuri kama sisi. Koti moja zito halisaidii, kwa kuwa saa nne mtoto atalivua na baada ya hapo hana kitu cha kati. Nguo kadhaa nyepesi zinazovaliwa moja juu ya nyingine ndizo zinazofaa: fulana, shati la mikono mirefu, sweta, kisha jaketi la kuzuia upepo, pamoja na mzula wa asubuhi na kofia ya ukingo mpana ya mchana, hasa kwa mtoto mwenye ualbino, ambaye kwake mafuta ya kujikinga na jua ni ya lazima hata siku ya baridi. Sweta la mtumba kutoka soko la Mwanjelwa linatosha kabisa. Jina la mtoto nalishona kwa uzi upande wa ndani wa kola, kwa maana wino hufutika baada ya kufuliwa mara chache. Halafu mtoto ajifunze mwenyewe kuvua, kukunja na kurudisha begini.

Kwa mtoto mwenye selimundu, yaani siko seli, baridi na upungufu wa maji mwilini ni vichocheo vinavyojulikana vya maumivu makali. Mzazi wake aonane ana kwa ana na mratibu wa kambi kabla ya siku ya kwanza, asiridhike na kujaza fomu tu, na mtoto mwenyewe ajue kusema mapema kwamba anasikia maumivu yanaanza. Vivyo hivyo kwa mwenye pumu, ambaye dawa yake ya kuvuta inapaswa kuwa mahali anapoweza kuifikia yeye au mwalimu wake, si ofisini kwenye kabati lililofungwa.

Kuhusu chakula, fungasha kile anachokula kila siku. Viazi vya kuchemsha, yai, kipande cha parachichi na ndizi ya Tukuyu vinatosha, na maji yawe mengi kuliko unavyodhani, kwa kuwa katika baridi watoto husahau kunywa. Jambo ambalo halizungumzwi ni mfuniko. Hotipoti mpya huwa na mfuniko mgumu kiasi kwamba vidole vya mtoto wa darasa la kwanza haviwezi kuufungua, na asipoweza atakirudisha chakula kama kilivyofungashwa. Mpe aufungue na kuufunga nyumbani, mkono mmoja ukiushika mwili wa hotipoti kifuani na mwingine ukizungusha, mpaka aufungue bila msaada. Kamba za raba nazo ni hivyo hivyo.

Sasa niseme kuhusu mada za wiki, kwa kuwa hapa ndipo wazazi wengi hukimbilia twisheni. Mtoto hahitaji kufika akiwa anajua somo. Kinachomsaidia ni kufika akiwa na swali lake mwenyewe, lililotokana na kitu alichokiona au kukishika, kwa kuwa swali ndilo litakalompa cha kumwambia yule mtu mzima asiyemfahamu. Na sisi wa nyanda za juu kusini tumejaliwa vitu vya kuuliza kuliko watu wengi.

Kama mada ni anga, mtoe nje jioni moja ya Juni isiyo na mawingu. Msalaba wa Kusini huonekana vizuri upande wa kusini mapema baada ya giza kuingia, na mtoto akishaonyeshwa mara moja hatausahau. Kisha mwamshe alfajiri mwishoni mwa mwezi huo, atazame mashariki kabla ya mapambazuko, atakiona Kilimia, lile fungu dogo la nyota lililokwisha kutoweka jioni za masika. Wahenga walisema kwamba Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Mtoto aliyekiona kwa macho yake alfajiri ya kiangazi, akakumbuka kwamba kilizama wakati mvua zikinyesha, atakwenda kambini na swali zito: kwa nini nyota hizi hupotea kwa wiki kadhaa kila mwaka, kisha zikarudi upande mwingine? Jibu lake linahusu mwendo wa dunia kulizunguka jua, na mwanachuo yeyote wa fizikia atafurahi kuulizwa hivyo. Mwenye uwezo wa nauli ampeleke pia Mbozi, mkoani Songwe, akakiguse kimondo chenye urefu wa takriban mita 3, ambacho karibu asilimia 90 yake ni chuma. Akigonga kwa jiwe dogo na kusikia mlio wake, hatahitaji kushawishiwa kwamba kitu hicho si jabali la kawaida.

Kama mada ni miamba na volkano, jiwe lile jepesi la kusugulia miguu linatosha kuanzia. Liweke kwenye beseni la maji, lielee, kisha umwachie mtoto aulize. Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu takriban miaka 4,000 iliyopita na kutawanya mawe mepesi ya namna hiyo, Ziwa Ngozi limekaa ndani ya kaldera, yaani shimo kubwa linalobaki volkano inapoporomoka, na Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira ni mwamba uliotokana na lava. Kwa walio Iringa, Isimila iko jirani tu na mji, na zana za mawe zilizopatikana pale zinafaa kwa mada ya historia ya kale.

Mada ya roboti na kompyuta inahitaji kidogo zaidi ya simu ya mzazi. Mpe tochi mbovu aifungue, aone betri zinavyopangwa na kinachotokea moja ikigeuzwa. Ukipata kompyuta, hata ya kuazima, programu ya Scratch hupatikana bure, hufanya kazi bila intaneti ikishapakuliwa, na imekusudiwa hasa watoto wa miaka 8 hadi 16. Nyumba isiyo na kompyuta isijione imeshindwa.

Siku ya kuandikisha, mzazi naye aulize. Chama cha kambi cha Marekani, American Camp Association, hupendekeza katika kambi za mchana mtu mzima mmoja kwa watoto 8 wa umri wa miaka 6 hadi 8, na mmoja kwa watoto 10 wa umri wa miaka 9 hadi 14. Nadhani ni kipimo kizuri hata kwetu. Uliza pia nani huwasindikiza watoto chooni, vyoo viko umbali gani na darasa, nani ana mafunzo ya huduma ya kwanza, na kama lango la chuo liko kando ya barabara kuu ya TANZAM, watoto huvushwaje. Mwandaaji makini hatachukizwa na maswali hayo. Anayechukizwa, mimi mtoto wangu simwachi kwake.

Asubuhi ya kwanza fika mapema, kwa sababu foleni ya magari ya Mafiati hapa mjini haimsubiri mtu. Mwonyeshe mtoto mahali utakapomchukulia, mtaje kwa jina lake mwalimu wake, mwache amwamkie mwenyewe, kisha uage kwa maneno machache na uondoke. Akilia, mwalimu atambembeleza, na mtoto atamweleza kinachomliza.