Siku moja ya kazi: mwalimu Pandeli Sotiri, Korçë, Machi 1887

Tuanze na saa zenyewe. Katika dola ya Uthmania siku huisha jua likizama, na hapo saa zote hurekebishwa ziwe kumi na mbili. Mtu wa Unguja au Mombasa angetua Korçë, mji ulioko Albania ya leo, asibadilishe hesabu yake. Mwezi wa Machi mchana na usiku hukaribiana urefu, kwa hiyo saa zilizoandikwa hapa ni za Kituruki na za Kiswahili kwa pamoja. Ratiba tumeipanga sisi. Watu, vitabu na sheria ni vya historia.

Sotiri alizaliwa mwaka 1843 katika kijiji cha Selckë, upande wa Gjirokastër. Kabla ya kushika chaki hapa alikuwa Istanbul, mhariri wa jarida la Kialbania lililoanza Agosti 1884 kwa jina la Drita, baadaye likaitwa Dituria. Mësonjëtorja, shule ya Kialbania anayoiongoza sasa, ilifunguliwa tarehe 7 Machi 1887 katika nyumba iliyotolewa na Diamanti Terpo. Siku ya kwanza walikuja wanafunzi 35.

Saa kumi na mbili asubuhi. Kuni kwanza. Korçë iko karibu meta 850 juu ya usawa wa bahari, na Machi huku bado ni kipupwe. Chumba kisipopashwa moto mapema, wino huwa mzito, vidole vya watoto havikunjiki, na saa nzima ya mwandiko hupotea.

Saa moja. Daftari la mahudhurio. Kwa mtazamo wetu, hatari kubwa ya shule hii iko humo kuliko ubaoni. Kibali cha serikali kinaruhusu watoto wa Kikristo tu. Sultani Abdülhamid wa Pili hataki Waalbania Waislamu wajifunze kwa lugha yao, kwa sababu dola huwahesabu kuwa Waturuki kwa dini, na shule zao hufundisha Kituruki. Waorthodoksi nao wako chini ya Patriaki, na shule za kanisa hufundisha Kigiriki. Kwa mpango huo Kialbania hakina mlezi. Shule isiyo ya dini yoyote, inayopokea watoto wa pande zote mbili, inawaudhi wakubwa wawili kwa mpigo. Kila jina linaloingia daftarini linaweza kusomwa na mkaguzi, na baba wa mtoto akaitwa ajieleze.

Saa mbili. Alfabeti. Inayotumika ni ile ya Istanbul, iliyotolewa mwaka 1879 na chama kilichoongozwa na Sami Frashëri: herufi 36 kwa sauti 36, bila herufi mbili kushirikiana sauti moja. Msingi wake ni Kilatini, na pale Kilatini kilipopungukiwa ziliongezwa alama nyingine. Sauti ya mwanzo wa «dhahabu» huandikwa δ. Ya mwanzo wa «thamani» huandikwa θ.

Mtoto ambaye hajawahi kusoma popote huenda haraka, maana kila alama ina kazi moja. Shida ni kwa aliyetoka shule nyingine. Herufi e ya kawaida hapa si «e» tunayoijua. Ni ile irabu hafifu ya Kialbania, ambayo leo huandikwa ë. «E» halisi huandikwa ε. Aliyepitia shule ya Kigiriki hapati tabu na ε, lakini aliyezoea maandishi ya Kifaransa atasoma kila e kimakosa mpaka akemewe. Dawa ni kuzifundisha hizo mbili siku moja, ubavu kwa ubavu, kwa maneno mafupi yanayotofautiana kwa irabu hiyo tu.

(Mkutano wa alfabeti ya Kialbania uliofanyika Manastir Novemba 1908 ndio uliofungua njia ya dh, th na sh za leo. Hizo ni za mwalimu wa miaka 21 baadaye.)

Saa nne. Hesabu, kwa kitabu cha Jani Vreto kilichochapwa Bucharest mwaka 1886. Hapa watoto wa wafanyabiashara huchangamka. Lira moja ni kurushi 100, lakini kurushi moja ni para 40. Para 25 ukijumlisha na 30 hupati kurushi 5 na nusu. Unapata kurushi 1 na para 15. Kosa la kila siku ni mtoto kubeba kwenye kumi, kama alivyofundishwa, badala ya kubeba kwenye arobaini. Mizani nayo ina mtego wake: oka moja, karibu kilo 1.28, ni dirhamu 400, na kantari moja ni oka 44. Mwalimu asiyefundisha hesabu hizi, wazazi wa sokoni wataona shule yake ni ya nyimbo tu.

Saa sita. Adhana ya adhuhuri. Muda huu ni wa wazazi. Wanachotaka kujua ni kimoja: kanisa litafanya nini? Vitisho vya maaskofu si maneno matupu. Kutengwa na kanisa ni kukosa ndoa, ubatizo na mazishi. Mwaka 1892 askofu Philaret wa Kastoria atatoa laana kwa maandishi, na Petro Nini Luarasi, mmoja wa walimu waliomfuata Sotiri, atamjibu kwa kitabu kizima mwaka 1911.

Saa nane. Kusoma kwa sauti: kitabu cha watoto cha Naim Frashëri na mashairi yake ya shule, vyote vya 1886. Kipindi chepesi.

Saa kumi. Barua na miswada. Korçë haina mtambo wa kuchapa Kialbania, kwa hiyo vitabu hutoka Bucharest, kwa Waalbania walioko huko. Sababu ni ya kifundi pia. Herufi 36, kubwa na ndogo, ni vipande vya aina 72 kabla hujahesabu nukta na tarakimu. Mchapaji anaweza kuazima δ na θ kwenye kasha la Kigiriki, lakini unene na kimo chake havilingani na herufi za Kilatini, na mstari unacheza. Mswada basi uandikwe upande mmoja wa karatasi, herufi zikiachana: anayepanga herufi za risasi mtamboni huenda hajui hata neno moja la Kialbania, na e ikifanana na ε atachagua anavyoona yeye.

Sotiri anaijua kazi hii tangu Istanbul. Kule Naim Frashëri na wenzake walitia herufi za majina tu chini ya makala, maana Mwislamu hakuruhusiwa kuandika kwa Kialbania.

Saa mbili usiku. Maandalizi ya kesho. Historia ipo, ya Naim. Sarufi ipo, ya Sami. Jiografia haipo: kitabu cha Sami cha somo hilo kitatoka mwaka 1888. Kwa hiyo mito, milima na miji ya kesho mwalimu anaichora mwenyewe kwenye karatasi, na majina anayaandika kwa herufi za Istanbul.