Siku moja maishani mwangu: zamu ya usiku angani

Saa 8 mchana. Nalala. Pazia zimefungwa, simu iko chumba kingine. Mimi ni mhudumu wa ndege, leo tunasafiri usiku kucha, na usingizi huu ndio nitakaoutegemea baadaye. Wanaopenda kunipigia saa hizi walishakata tamaa.

Saa 1 jioni. Kuoga, sare, gari la wafanyakazi.

Saa 2 usiku. Kikao kabla ya safari. Kapteni anamaliza habari za hali ya hewa, kisha anauliza kama kuna ambaye hajalala. Mwenzetu mmoja anasema ni yeye, mtoto ana homa tangu juzi. Anaitwa mtu wa akiba, yeye anarudi nyumbani. Hakuna anayeguna. Zamani tungemwita mvivu, ndiyo maana watu walikuwa wananyamaza na kupanda ndege hivyohivyo.

Saa 4 usiku. Tumepaa. Chakula, vinywaji, blanketi. Abiria mmoja anafoka kuhusu kiti chake. Namsikiliza mpaka amalize. Miguu ikiuma utakaa, itapona. Kutabasamu huku unafokewa ndiko kunakomaliza mtu.

Saa 8 usiku. Sasa ndipo penyewe. Kuanzia hapa hadi karibu saa 12 alfajiri, kwa saa ya nyumbani maana mwili haujui nyingine, usingizi unakuja hata kama ulilala mchana. Hewa nayo ni kavu, unyevu mara nyingi haufiki asilimia 20. Jikoni nyuma mwenzangu anamimina maji: kikombe kimejaa, yeye bado anamimina, macho wazi kabisa. Namshika mkono, namkalisha.

Napiga simu chumba cha marubani. Rubani mmoja amelala kitini kwa mpango, mwenzake anaongoza. Nchi kadhaa zinaruhusu. Marekani hairuhusu, ingawa ni utafiti wa NASA, shirika lake la anga za juu, uliowapa marubani dakika 40 za kupumzika, wakalala wastani wa 26, na wakawa macho zaidi kuelekea kutua. Simu yangu ni ya kuhakikisha aliyebaki hajasinzia naye. Aliyelala akiamka hashiki kazi papo hapo, kichwa kwanza kichangamke.

Saa 11 alfajiri. Tunashuka. Kwenye kiti cha kukunja narudia kimoyomoyo: mlango wangu, amri za dharura, abiria gani atanisaidia.

Saa 2 asubuhi. Hotelini. Kahawa sigusi. Mpangaji wa zamu anatuma ujumbe: kesho niripoti mapema zaidi. Namjibu ahesabu upya saa zangu za mapumziko. Anahesabu, anasogeza.