Orodha ya Usiku: Kushusha Video Nikiwa Ndani ya Emacs

Saa tatu usiku, baada ya kusahihisha madaftari, hufungua faili liitwalo orodha.txt ndani ya Emacs, programu ya kompyuta ya kuandikia maandishi, na kubandika humo viungo vya video ninazotaka zishuke usiku huo. Juu ya kila kiungo huandika mstari mmoja wa maelezo unaoanza na alama ya reli, kama hii miwili ya juma lililopita:

# Kidato cha 3, sumaku, dakika 9, ionyeshwe Jumatano kabla ya zoezi la vitendo
# Mjomba, Tandahimba: kubebesha mikorosho, ataitazama kwenye simu

Programu inayoshusha video zenyewe ni yt-dlp, nayo huruka kila mstari unaoanza na alama hiyo. Kwa hiyo faili lilelile ambalo mashine hulisoma kama maagizo, mimi hulisoma kama daftari la kazi. Hilo ndilo lililonifanya niachane na tovuti za kushushia video, zenye vitufe vingi vya udanganyifu na matangazo yasiyofaa kuonekana mbele ya mtoto. Video ikishakuwa mstari wa maandishi, naweza kuitafuta, kuihamishia juu ikiwa inahitajika haraka, kuiahirisha kwa kuiwekea alama ya reli, na miezi miwili baadaye bado nikajua ni nani aliyeiomba na aliitakia nini.

Ninafundisha fizikia na hisabati hapa Mtwara mjini, na kompyuta yangu hupata intaneti kupitia simu. Bando la usiku ninalonunua ni la bei nafuu sana kuliko la mchana, lakini huanza saa sita usiku na kukoma alfajiri, wakati ambao mwalimu mwenye kipindi cha kwanza anapaswa kuwa amelala. Kungoja mpaka darasani ndipo nifungue video mtandaoni nako sikuamini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikadhoofika karibu nchi nzima, siku chache tu baada ya mvua za Kimbunga Hidaya kuikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa. Kesho yake, Jumatatu, niliwasha projekta na kipindi kikaendelea kama kilivyopangwa, kwa sababu video ilikuwa ndani ya diski tangu Ijumaa.

Emacs huchukuliwa na wengi kuwa ni mahali pa kuandikia tu, ilhali ndani yake mna lugha nzima ya programu, Emacs Lisp, inayoweza kuanzisha programu nyingine na kupokea majibu yake katika ukurasa wa kawaida wa maandishi. Kazi yangu yote ya kila usiku imo katika mistari hii michache:

(defun shusha-orodha ()
  (interactive)
  (let ((default-directory (expand-file-name "~/video/")))
    (start-process "shusha" "*Kushusha*"
                   "yt-dlp" "--newline" "-a" "orodha.txt")))

Neno --newline ni dogo lakini usiliache. Kwa kawaida yt-dlp huonyesha maendeleo kwa kufuta na kuandika upya mstari uleule, jambo linalofaa kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, lakini ndani ya Emacs mstari huo hurefuka bila kikomo ukiwa umejaa alama za ^M hadi usisomeke. Mstari wa default-directory nao una sababu yake: Emacs huendesha programu kutoka folda ya faili lililo mbele yako wakati huo, na kabla sijauweka nilikuwa nikizikuta video zangu zimechanganyika na mitihani ya muhula.

Ili nisikeshe, saa tatu hiyohiyo huiambia Emacs isubiri kwa muda wa saa tatu na dakika tano kwa amri (run-at-time "3 hours 5 minutes" nil #'shusha-orodha), kisha huizuia kompyuta isilale, huiacha kwenye chaji na kwenda kulala. Kazi huanza saa sita na dakika tano, bando likiwa tayari limefunguka. Umeme ukikatika na betri ikaisha, kilichokwisha kushuka hubaki katika faili lenye kiambishi cha .part, na nikiendesha amri ileile usiku unaofuata, yt-dlp huendelea pale ilipoishia.

Kuna usiku mmoja, hata hivyo, ambao ulinigharimu bando zima, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu kila anayetoka kwenye terminali kwenda kwenye orodha ya namna hii atakutana nayo. Viungo vya YouTube vinavyonakiliwa kutoka ndani ya mfululizo wa video (playlist) huwa na mkia unaoanza na &list=. Nilipokuwa bado natumia terminali, nilikuwa nikibandika kiungo kama kilivyo, bila kukizungushia alama za nukuu. Terminali huielewa alama ya & kuwa ndiyo mwisho wa amri, hivyo mkia wote ulikuwa ukikatwa, nami nikapata video moja niliyoitaka bila kufahamu kwamba kosa langu la kutoweka nukuu ndilo lililokuwa likinikinga. Kiungo kilichoandikwa ndani ya faili hakipiti kwenye terminali. Kilifika kwa yt-dlp kikiwa kizima pamoja na mkia wake, nayo, kwa desturi yake, ikaelewa kwamba ninataka mfululizo wote. Alfajiri nilikuta video ishirini na mbili za mhadhara wa chuo kikuu, salio la bando likiwa sifuri, na video ya sumaku niliyoiweka chini ya orodha ikiwa haijaguswa.

Tangu hapo nimeandika --no-playlist katika faili la mipangilio ya yt-dlp, ili mfululizo usishuke mpaka niutake mwenyewe. Juu ya hayo, kabla ya kulala hutumia amri ya highlight-regexp kuitafuta &list= katika orodha, na kila mkia ukang'aa kwa rangi ya njano mbele ya macho yangu. Ulinzi wa kwanza ungetosha, lakini kuna utulivu fulani katika kuliona kosa likiwa bado ni maandishi, kabla halijawa megabaiti.

Katika mipangilio hiyohiyo nimeweka -S res:480, inayoiagiza yt-dlp ichukue ubora usiozidi mistari 480 ya picha panapowezekana. Video ya sumaku ilikuwa na uzito wa MB 140 kwa mistari 1080, na kwa mistari 480 haikufika MB 30. Kwa projekta yetu na ukuta tunaouonyeshea, wanafunzi wa dawati la nyuma hawakuona tofauti. Hakikisha pia kwamba umeweka ffmpeg, kwa kuwa YouTube hutenganisha picha na sauti katika ubora mwingi, na ffmpeg ndiyo inayoviunganisha.

Jambo la mwisho katika mipangilio ni --download-archive, inayotunza faili la pili la maandishi lenye kitambulisho cha kila video iliyokwisha kushuka, kimoja kwa kila mstari. Kwa sababu yake siogopi kuacha viungo vya zamani katika orodha, maana havishuki mara ya pili. Mwalimu mwenzangu aliponiuliza kwenye korido, "Mwalimu, ile ya sumaku imeshuka?", nilimjibu baada ya kutafuta kitambulisho chake katika faili hilo. Lakini kumbuka kwamba kumbukumbu hiyo haiangalii diski: ukiifuta video kisha ukaihitaji tena, itakubidi kwanza uufute mstari wake humo.

Ipo programu-jalizi ya Emacs iitwayo ytdl, yenye jedwali linaloonyesha kila video inayoshuka na ilipofikia. Niliitumia kwa muda nayo inamfaa anayeshusha video moja moja, ila mimi nilihitaji orodha inayobaki baada ya kazi kwisha, pamoja na maelezo yake.

Kuhusu haki za waundaji, masharti ya YouTube hayaruhusu kushusha video isipokuwa pale huduma yenyewe inaporuhusu, au kwa idhini ya maandishi ya YouTube na, panapohusika, ya mwenye kazi. Hutafuta kwanza zilizotolewa kwa leseni ya Creative Commons, inayowaruhusu wengine kuitumia kazi, na ninapoona somo zuri lisilo na leseni hiyo humwandikia mwenyewe kumwomba. Waalimu wa mtandaoni hupenda kujua kwamba kazi yao inafika darasani, na waliowahi kunijibu walikubali.

Asubuhi, kabla ya chai, hufungua ukurasa wa *Kushusha* na kuendesha amri ya M-x occur kutafuta neno ERROR, nayo hunikusanyia mistari yote yenye hitilafu kutoka katika mamia ya mistari ya usiku kucha. Leo ulitokea mmoja tu: video moja ya jiometri imefanywa ya faragha na mwenyewe. Nimekiwekea kiungo chake alama ya reli na kuandika mbele yake "imefungwa, tafuta nyingine". Ile ya kubebesha mikorosho imeshuka kwa MB 41, na nimeinakili kwenye memori kadi ambayo binamu yangu ataichukua mchana akipanda basi la Tandahimba.